Mwalimu wa Triga

Siku ile machimboni walikuwapo Wandera wa Dabani, Othieno wa Merikit, Nekesa wa Busia mjini, Meneja wa kampuni yetu ya ulinzi, Mwalimu, mke wa Mwalimu aliyeleta chai, na mimi. Hakukuwa na mwingine. Nawataja wote kwa sababu tangu siku hiyo habari imesimuliwa na watu wengi ambao hawakuwapo, na kila mmoja anatia chumvi yake. Wapo wanaosema Mwalimu alimtukana Meneja. Hakumtukana mtu. Aliomba mifuko ya mchanga.

Jina lake nalijua, lakini sitaliandika, maana sisi hatukumwita kwa jina hilo na yeye mwenyewe asingegeuka ukimwita hivyo. Tulimwita Mwalimu, kwa kirefu Mwalimu wa Shabaha. Alizaliwa wapi na alipigana wapi, sikumuuliza. Nilipomkuta alikuwa tayari na mvi, kofia ya kitambaa iliyopauka, na desturi ya kufunga mikono nyuma anapokutazama ukikosea. Alifundisha walinzi kulenga shabaha kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa, nje kidogo ya Tororo, ambako ukuta wa mwamba unazipokea risasi zote na hazimfikii mtu.

Alikuwa mtu wa shabaha asiyeweza kupigilia msumari ukaenda wima. Benchi alilolitengenezea kanisa lao liliinamia upande mmoja, na wazee wa kanisa walimwacha alikalie mwenyewe. Nyumbani kwake hapakuwa na bunduki. Hata kuku hakuweza kumchinja. Wageni wakija, alimwita jirani aje na kisu, naye akajifanya ana shughuli nyuma ya nyumba mpaka kelele ziishe. Mke wake alikuwa akitusimulia hayo huku yeye amekaa hapohapo, anakunywa chai, hakani.

"Huyu ndiye Afande wenu," alikuwa akisema. "Jogoo anamtisha."

"Jogoo hana usalama," Mwalimu alijibu. Usalama ni kile kitufe kinachoizuia bunduki isifyatuke.

Mama Mwalimu alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye maneno ya kutosha watu wawili, na huenda ndiyo maana mumewe aliweza kuishi na machache. Siku za mazoezi alikuja machimboni kwa boda boda, amepakata birika kubwa lililofungwa kwa kanga, na kabla hajashuka tulikuwa tunamsikia. Kwetu yeye hakuwa mke wa mkubwa. Alitujua mmoja mmoja. Alijua Othieno hataki sukari, na alijua nyumbani kwangu kuna watoto ambao si wa tumbo langu.

Hapo lazima niseme jambo langu, maana bila hilo Mwalimu hataeleweka. Mimi ni mkubwa wa wanne. Baba alitangulia, mama akamfuata kabla hatujamaliza kumlilia baba. Shule niliiacha darasa la saba. Nyuma yangu wako Ouma, Nabwire na Taaka. Kwenye matanga ya mama wazee walikaa wakawagawa: Ouma aende kwa mjomba Majanji akavute nyavu, Nabwire avuke mpaka kwa shangazi akalee mtoto, Taaka abaki na baba mdogo. Walizungumza hayo mbele yetu, kwa upole, kama watu wanaogawana mzigo ili usimlemee mmoja. Nikasema hapana, watakaa na mimi.

Baba mdogo akauliza, "Utawalisha nini?"

"Nina kazi."

"Kazi ikiisha?"

"Ikiisha, mtakuja kuwachukua."

Akatikisa kichwa kukubali. Hakuwa mtu mbaya, na sikuwa na shaka kwamba angekuja.

Kazi yenyewe ilikuwa kusindikiza malori ya mizigo kutoka Tororo hadi mpakani Busia. Tunaishia mpakani, bunduki haivuki. Miaka yote tulibeba bunduki ndefu za zamani, ambazo kila mmoja wetu alizizoea kama jembe la kwao. Kisha kampuni ikapata bunduki fupi. Magazini yake, kile kisanduku cha risasi, haiko mbele ya mkono unaofyatua, iko nyuma, karibu na kwapa, na pale risasi inapolipukia ni chini ya shavu lako. Ndani ya kabini ya lori ni bunduki nzuri, haigongi mlango wala dereva. Lakini Meneja alisema wazi kwamba atakayeshindwa mtihani wa shabaha mara tatu kwa bunduki hizo ataondoka, kwa sababu wenye mizigo hawalipii walinzi wasiolenga. Tulishindwa mara ya kwanza, wote wanne. Tukashindwa ya pili.

Sisi tulikuwa na sababu yetu tayari. Wandera ndiye aliyekuwa msemaji.

"Mwalimu, hii kitu wamekata. Mtutu iko wapi? Hii si bunduki, ni pampu ya baiskeli."

"Wandera, umeona konokono?"

"Nimeona."

"Akiingia ndani, amekatwa?"

Akachukua ule ufito wa kusafishia bunduki, akautumbukiza kwenye mtutu wa bunduki ndefu mpaka ukagota, akashika kwa kidole gumba pale mdomo wa mtutu ulipoishia. Akautoa, akautumbukiza kwenye ile fupi. Kidole gumba kikatua mdomoni palepale.

"Sasa imejificha wapi?" Wandera akauliza.

"Nyuma. Kwenye hii ndefu, mtutu unaanzia mbele ya uso wako. Kwenye hii unaanzia shavuni. Ndiyo maana inakupigia kelele sikioni kama mke aliyeachwa sokoni."

Othieno hakuridhika. Alikuwa ameamini ufupi wa bunduki ndio ubaya wake kiasi cha kufunga kipande cha godoro kwenye kitako ili irefuke. Mwalimu alikibonyeza kile kipande kwa kidole, kikabonyea, akakifungua polepole na kumrudishia mwenyewe. Nekesa akamwambia Othieno akilalie.

Kuhusu mtutu Mwalimu alitueleza mara nyingi, kwa sauti ileile, kama mtu anayemweleza mgeni njia. Mtutu mrefu unaipa risasi mbio. Ukipiga mbali sana, mbio hizo zinasaidia, risasi haishuki upesi na upepo hauisukumi sana. Lakini mtutu kuwa mrefu hakuzifanyi risasi zikae pamoja. Mfupi uliochongwa vizuri unaziweka pamoja vilevile. Na sisi shabaha yetu ilikuwa karibu, kama kutoka mlangoni mwa kanisa hadi kisimani. "Kwa hapa," alisema, "mtutu hana kesi." Alikiri jambo moja tu dhidi ya ufupi: kwa kuwa bunduki ni fupi, vile vidude vya kulengea, cha mbele na cha nyuma, vimekaribiana, kwa hiyo kosa dogo la jicho linakuwa kubwa kule ukutani. "Hilo ni la jicho. Jicho linafundishika."

Kitu ambacho hakukitetea ni triga, kile chuma cha kuvuta kwa kidole.

Kabla ya kuzungumza habari ya triga, nimkumbuke kwanza njiani. Mtu huyu ambaye machimboni alikuwa anatuambia polepole, polepole, akipanda boda boda alikuwa anampiga dereva begani, "Kanyaga, kanyaga!" Mara kwa mara alivuka upande wa Kenya kula chapati, akisema kwetu wanazichoma kama matofali. Akiwa kule aliongea Kiswahili cha kupimapima, kama mtu aliyevaa viatu vipya, na akirudi, kabla hajafika kwa wabadilisha fedha wa upande wetu, alikuwa ameshavivua. Sokoni hakupenda kuitwa Afande. Mtu akimwita hivyo alijifanya anachagua nyanya. Kanisani alikaa kwenye lile benchi lake lililoinama, karibu na mlango, na mahubiri yakirefuka alilala wima bila kuegemea, jambo ambalo Mama Mwalimu alisema ndilo pekee alilolibakiza la jeshi.

Sasa, siku ile. Meneja alikuja na gari, akasimama kwenye kivuli cha mwamba, akatazama karatasi zetu za shabaha za mtihani wa pili. Matundu yalikuwa kila mahali, kama mahindi aliyomwagiwa kuku.

"Mzee," akamwambia Mwalimu, "bunduki ni mpya. Sasa ni watu ndio wameisha?"

"Niletee ile mifuko ya mchanga," Mwalimu akatuambia.

Tukaipanga. Akailaza bunduki fupi juu ya mifuko, ikakaa kama mgonjwa kitandani, akalala nyuma yake na kupiga bila haraka. Tulipokwenda kutazama, matundu yote ningeyafunika kwa kiganja changu. Akatuita sisi mmoja mmoja, tulale, tupige vilevile juu ya mchanga. Hata mimi, hata Othieno, matundu yakakaa karibu. Kisha akatusimamisha, tupige kwa mikono mitupu kama kwenye mtihani. Yakatawanyika.

"Bunduki ni ileile," Mwalimu akasema. "Mtutu ni uleule. Mchanga unashika, mtu anatikisika. Anatikiswa na nini?"

Akaitoa magazini, akakagua chemba, pale risasi inapokaa, mara mbili, akampa Meneja. "Lenga ule mwamba. Vuta."

Meneja akavuta. Akaendelea kuvuta. Akakunja uso.

"Ala! Hii inavutwa mpaka wapi?"

Ikalia ta! na pua ya bunduki ikainama chini, tukaiona wote. Meneja akacheka mwenyewe. "Hapo ningeua viatu vyangu."

"Sikia," Mwalimu akasema. "Kwenye ile ndefu, triga na nyundo inayoigonga risasi ni majirani. Mmoja akikohoa mwingine anasikia. Kwenye hii, triga iko huku mbele, nyundo iko kule nyuma. Katikati kuna kijiti cha chuma kinachopeleka habari. Kinasugua, kinapinda kidogo, kinachelewa. Mtu hajui habari itafika lini. Anachoka kungoja, anainyakua, na bunduki inaondoka kwenye shabaha kabla ya risasi. Hawa si wabaya. Wana triga nzito, inayokwaruza kama ina mchanga ndani yake, na walizoea nyingine."

"Itengenezwe."

"Anayeweza kuifungua ni aliyeitengeneza, na hayuko Tororo. Mimi siigusi. Bunduki iliyochezewa triga inamuua anayeibeba."

"Basi tunafanyaje? Nina vijana wengine wanaotaka hii kazi, mzee. Mtihani wa tatu ni wiki ijayo."

"Wape hawa mpaka mvua hizi zikatike."

"Halafu washindwe tena? Nitamwambia nini mwenye kampuni?"

Hapo Mwalimu akanyamaza. Mama Mwalimu alikuwa amefika na birika, akapita katikati yao, akamimina chai ya Meneja, akamimina ya mumewe. Nilikuwa nimesimama nimeshika magazini tupu, nafikiria baba mdogo akija na baiskeli kumchukua Taaka, na nani angemfungia Taaka vitu vyake, maana mimi nisingeweza.

Mwalimu akasema, "Wakishindwa, utafute mwalimu mwingine. Mimi nitatoka nao."

Meneja akamtazama, akanywa chai yake yote, akasema sawa.

Mazoezi yaliyofuata ndiyo watu wa huku wanayacheka hadi leo. Hatukupewa risasi. Kila mmoja alishika bunduki tupu, iliyokaguliwa naye na kukaguliwa na mwenzake, na Mwalimu akapita na gazeti lililofungiwa dagaa wa Majanji, akamlaza dagaa mmoja mkavu juu ya mtutu, karibu na mdomo wake. Kazi ilikuwa kuvuta triga mpaka ilie, dagaa asianguke. Akianguka, ni wa bata wa Mama Mwalimu.

"Mwalimu, leo bata watavimbiwa," Nekesa akasema siku ya kwanza.

"Usiongee na triga. Vuta kama unafungua mlango wa chumba mtoto amelala."

Wandera alilalamika. "Mimi nilikuja kuwa askari, sasa nalisha bata."

"Unawalisha vizuri," Mwalimu akamjibu.

Alituzuia tusingoje mlio. Ukingoja mlio, alisema, mwili unajiandaa, bega linaruka mbele, na yote yanaharibika kabla. Vuta tu, sawasawa, mlio uje wenyewe kama mgeni asiyepiga simu. Mimi alinipa siku zote bunduki moja, ile yenye triga mbaya kuliko zote. Nilimwomba nyingine. Akasema, "Mama Watoto, kwenye lori utachagua?" Hilo ndilo jina alilonipa, na kwa kinywa chake halikuwa dhihaka.

Nyumbani nilifanya mazoezi bila bunduki. Nilikaa jikoni nikikunja kidole polepole kwenye mpini wa mwiko, huku Taaka akinitazama. "Dada, unamwita nani?" akaniuliza. Nikamwambia namwita Mwalimu.

Mvua zikakatika, tukaitwa kwenye mtihani wa tatu. Wandera akafaulu, Othieno akafaulu bila godoro, Nekesa akawapita wote. Nikabaki mimi. Nikisimama pale nilijua kwamba nikikosa, si watoto tu, na yule mzee pia anavua kofia na kuondoka, naye alikuwa amesimama nyuma yangu, mikono imefungwa mgongoni, haruhusiwi kusema kitu. Risasi ya kwanza ilikwenda chini. Nilijua kabla sijaona, maana niliinyakua. Nikaishusha bunduki, nikapumua, nikaanza upya. Nikaivuta ile triga na mchanga wake wote, ikakwaruza, ikasimama kidogo pale inaposimamaga, ikakwaruza tena, na mlio ukanikuta sijajiandaa. Nyingine hivyo. Nyingine hivyo. Nilifaulu kwa kiasi kidogo sana, lakini nilifaulu.

Mwalimu akaja, akatazama karatasi, akasema, "Kasafishe bunduki."

Mama Mwalimu ndiye aliyepiga kelele. Alinikumbatia na birika lake, chai ikanimwagikia sare. "Huyu mzee wangu alikuwa amesahau kupumua! Muulizeni! Muulizeni!" Mwalimu akaenda kuokota maganda ya risasi ambayo si kazi yake kuyaokota.

Alistaafu baadaye, magoti yalipokataa yale mawe. Wakahamia karibu na Majanji, kwenye shamba la upande wa mke, wakalima mihogo. Nilikwenda kuwaona mara chache, mwanzoni. Halafu kampuni ikapata wateja zaidi, malori yakaongezeka, ada za watoto zikapanda darasa pamoja nao, na nikawa mtu wa kutuma salamu.

Habari ya kifo cha Mama Mwalimu ilinikuta ndani ya lori, kwa simu ya Nekesa. Mazishi yalikuwa Jumamosi. Niliomba ruhusa. Wenzangu wawili walikuwa wagonjwa na mzigo ulikuwa lazima ufike mpakani, na aliyekuwa meneja wakati huo, si yule wa zamani, aliniambia nikiondoka nisirudi. Nikafikiria watoto. Jumamosi hiyo nilikuwa barabarani, nimepakata bunduki fupi, na kule Majanji wanamfukia.

Nilikutana na Mwalimu baada ya hapo, kwenye foleni ya malori kabla ya Busia. Nilikuwa nimesimama kando ya gari letu. Alikuwa amepanda boda boda na gunia la vipando vya mihogo, kichwa kimenyolewa. Akamwambia dereva asimame, kwa sauti ya kawaida, hakumpiga bega.

"Mama Watoto."

"Mwalimu. Habari ya siku. Mwalimu, pole, pole sana, niliomba ruhusa wakaninyima, nili..."

Akanyanyua kiganja.

"Hiyo usinipe hapa. Pole ya barabarani sipokei. Umevaa sare, umeshika bunduki, jicho lako moja liko kwenye mzigo. Utakuja nyumbani, utaweka vitu chini, utakaa."

"Nitakuja."

"Najua." Akaitazama bunduki yangu. "Ni ile?"

"Ni ile."

"Triga?"

"Bado ina mchanga."

Akacheka kidogo. "Watoto?"

"Ouma anajifunza ufundi wa magari. Nabwire yuko sekondari. Taaka anaongea tu."

"Wote kwako?"

"Wote kwangu."

Akashuka kwenye boda boda na gunia lake. Lori la mbele likasogea, dereva wangu akawasha injini.

"Nikuambie kitu," akasema. "Siku ile Meneja aliponiuliza wakishindwa itakuwaje, mimi nilitaka kunyamaza. Kazi ile nilikuwa naihitaji, na umri ule ningepata wapi nyingine? Ni mama yako yule. Alikuwa anamimina chai, akanikanyaga kwa kisigino. Hapa. Kwa nguvu. Nikasema yale niliyosema."

"Hakuniambia hata siku moja."

"Mtu wa maneno yote yale," Mwalimu akasema. "Hilo tu ndilo alilinyamazia."

Dereva akapiga honi. Nikapanda. Kwenye kioo cha pembeni nilimwona bado amesimama na gunia lake, halafu akapanda na boda boda ikageuka kuelekea Majanji.

Ruhusa niliyoomba baada ya hapo imesogezwa mbele, na ya pili nayo imesogezwa. Ninaandika haya nyumbani, watoto wote watatu wamelala chini ya bati moja, na Taaka anaongea usingizini. Kwa Mama Mwalimu bado sijafika.